Kabla Ubadilishe Pikapu za Gitaa Yako, Sikiza Benga Kwanza

Tangu niweke ile klipu ya gitaa yangu ikiwa imefunguliwa juu ya kitanda, swali ni moja tu: "Buda, niweke pikapu gani?" Nikisema pikapu simaanishi ile ya kubeba kabichi. Pikapu ya gitaa ni kale kasanduku kadogo kanakokaa chini ya nyuzi. Ndani kuna sumaku, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushwa mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku unasumbuka, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kukimbia hadi kwa ampu. Ni hayo tu. Hakuna maikrofoni mle ndani.

Gitaa yangu ni semi-holo. Kwa wale hawajui: ni ile pana, iko na mashimo mawili ya umbo la f kifuani kama fidla, lakini katikati kuna gogo la mbao limepita kutoka shingoni hadi chini. Kwa hivyo ni wazi mbavuni na nzito katikati. Pikapu zilizokuja nayo zinatoa sauti nzito, ya usingizi. Mzee mmoja tunayepiga naye Jumamosi hapa EPZ aliisikiza dakika mbili akaniambia, "Kijana wangu, hiyo gitaa inaongea na chakula mdomoni." Nikacheka, lakini alikuwa amesema ukweli. Nimeweka 12,000 kando kutoka kwa kazi za kuhariri video, na hiyo ndiyo pesa iko. Sina nafasi ya kujaribu pikapu tatu halafu nichague.

Shida ni kwamba ushauri wote ulioko huko nje unaanza na kuisha Marekani. Kila mtu ni PAF, PAF, PAF. Nataka nieleze hiyo PAF ilitoka wapi, halafu niseme kwa nini nadhani haikutengenezwa kujibu swali letu.

Tuanze 1931. Huko Los Angeles kulikuwa na mwanamuziki anaitwa George Beauchamp, mpigaji wa gitaa ya Kihawaii, ile ya kulazwa mapajani. Tatizo lake lilikuwa rahisi: bendi zilikuwa zimekua, kulikuwa na tarumbeta na ngoma, na gitaa haikuwa inasikika. Akashirikiana na Adolph Rickenbacker wakatengeneza gitaa ya alumini yenye mwili wa mviringo, watu wakaiita kikaango kwa sababu ndivyo ilivyofanana. Pikapu yake ndiyo ya kwanza ya sumaku iliyofaulu kibiashara. Hataza ilitoka 1937. Kabla ya hapo, 1936, kampuni ya Gibson ilikuwa tayari imetoa ES-150, gitaa wazi ndani, ikiwa na pikapu moja. Charlie Christian akaichukua, akajiunga na Benny Goodman 1939, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakasikia gitaa ikipiga solo mbele ya bendi kama saksafoni. Alifariki 1942 akiwa na miaka 25. Miaka michache tu kazini na mpaka leo wapigaji wa jazi wanamfuata.

Sasa gitaa wazi ina matatizo mawili ya kelele, na lazima uyatofautishe. La kwanza ni ukelele: ukiongeza sauti ya ampu, spika inatikisa kifua cha gitaa, kifua kinatikisa nyuzi, pikapu inazisikia na kuzirudisha kwa spika. Mzunguko unaanza na kila mtu ukumbini anaziba masikio. La pili ni mngurumo. Pikapu ya koili moja ni kama antena. Inanasa stima ya ukutani. Hapa Kenya stima inatetemeka mara 50 kwa sekunde, ambayo ni noti ya G iliyopanda kidogo. Marekani ni mara 60, wao wanangurumiwa karibu na B bemoli. Mimi naishi ploti iliyozungukwa na viwanda vya nguo, kuna mota za cherehani, kuna taa ndefu za zamani, kwa hivyo naijua hiyo G vizuri sana.

Mngurumo ulishughulikiwa na fundi wa Gibson anaitwa Seth Lover. 1955 aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, zimezungushwa kinyume na sumaku zake zikiangalia kinyume. Mngurumo wa stima unaingia koili zote mbili na kujiua, sauti ya uzi inajumlishwa. Wamarekani wanaiita hambaka, yaani inayozuia mngurumo. Gibson walianza kuiweka kwa gitaa 1957, na kwa sababu hataza haikuwa imetoka mpaka 1959, chini yake walibandika kastika kaliosema hataza imeombwa. Herufi za kwanza za hayo maneno kwa Kiingereza ndizo PAF. Hiyo kastika leo inawafanya watu wazima walipe pesa ya kununua shamba Joska.

Ukelele nao ulishughulikiwa 1958 na ES-335, semi-holo ya kwanza ya Gibson, yenye lile gogo la katikati. Weka hambaka mbili juu yake na umemaliza matatizo yote mawili kwa gitaa moja. Kwa mtu anayepiga blues mbele ya bendi yenye sauti kubwa, noti moja ikivutwa polepole mpaka ilie, hiyo ni gitaa karibu kamili. B.B. King alijenga maisha yake juu ya gitaa za familia hiyo, na 1980 zilipotoka zenye jina la Lucille, mashimo ya f yaliondolewa kabisa, kwa sababu ukelele ulikuwa bado unasumbua.

Lakini angalia huku kwetu miaka hiyo hiyo. 1952, mtafiti Hugh Tracey alifika Jadotville, mji ambao siku hizi unaitwa Likasi kule Katanga, akamrekodi kijana anaitwa Mwenda Jean Bosco. Gitaa moja kavu, haina umeme. Kidole gumba kinapiga besi, kidole cha shahada kinapiga melodia juu, na ukisikiza Masanga unaapa kuna watu wawili. 1959 Bosco alikuwa Nairobi, sauti yake ikitangaza dawa ya Aspro redioni, na vijana wa hapa wakamfuata na kuiga vidole vyake. Magharibi, George Mukabi naye alikuwa na mtindo wake wa omutibo, gitaa kavu na chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushika mdundo. Huku Pwani kulikuwa na Fundi Konde, aliyepitia kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa vita na akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi na gitaa ya umeme.

Halafu kuna nyatiti. Nyuzi nane, vidole viwili mikono vinakimbia, mpigaji amekaa chini na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao. Sauti yake haidumu. Kila noti inazaliwa na kufa haraka ili kuachia nyingine nafasi. Wajaluo walipohamishia vidole hivyo kwenye gitaa ndiyo benga ikapatikana. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati Tanzania mwaka 1940, aliibeba na Shirati Jazz mpaka akaitwa mfalme wake, na aliendelea kuipiga mpaka ajali ya barabarani ilipomchukua Mei 2006 kule Kisumu.

Sasa niseme kitu ambacho kitakera watu. Kuna hii stori imezoeleka, nimeisikia hata kwa watu wanaojiita wajuaji wa muziki: eti gitaa ya benga inalia nyembamba na kali vile kwa sababu wazee walikuwa maskini, vifaa vilikuwa duni, wangekuwa na gitaa nzuri wangelia kama Wamarekani. Hiyo stori inanikasirisha. Fuata mpangilio wa wakati. Nyatiti ilikuwa kali na kavu kabla ya stima kufika. Bosco alikuwa mkali na mkavu bila pikapu yoyote. Chupa ya Fanta ni glasi, hakuna kitu kikali kama glasi. Masikio yalikuwa yameshaamua, umeme ulipokuja ukakuta uamuzi umefanywa.

Ni kweli kwamba wapigaji wengi hawakuchagua vyombo. Kwa bendi za Afrika Mashariki, neno zito lilikuwa "mwenye vyombo". Huyo ndiye alinunua gitaa, ampu na ngoma, na mwanamuziki akigombana naye alitoka na vidole vyake tu. Tanzania hata mashirika yalikuwa na bendi: NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ilibadilisha jina kila chama kilipobadilika, JUWATA, OTTU, mpaka leo ni Msondo Ngoma. Hebu fikiria chama cha wafanyakazi kinakununulia gitaa ya kazi. Hapa EPZ ukitaja hiyo kitu watu wanafikiri unachekesha.

Kwa hivyo hapana, hakuna mzee aliyekaa na katalogi akilinganisha sumaku. Alichokuwa nacho ni mambo mengine: pikapu ya daraja au ya shingo, nobu ya sauti nyembamba kwa ampu, nyuzi nyepesi, kapo, na mahali mkono wa kulia unapokaa. Kila kimoja cha hivyo kinaweza kusukuma sauti kuwa nzito au nyepesi. Na ukisikiza rekodi za miaka ya 1970, walisukuma upande mmoja.

Kwa nini? Hesabu gitaa. Bendi ya blues ina gitaa moja mbele, kinanda pengine, tarumbeta. Bendi ya huku ina solo, second, ridhimu, na besi chini. Hizo gitaa tatu zinaishi kama sisi tunavyoishi ploti: kila mtu na chumba chake, ukuta ni mwembamba, ukiweka subwufa unasumbua wote. Chukua Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika 1978. Sikiza Sina Makosa na usahau uimbaji kidogo. Ridhimu ya Omar Shabani haigusi mahali solo ya John Ngereza inapita, na besi ya Tommy Malanga inaruka ruka chini ikiacha mapengo makusudi. Ungeweka gitaa moja tu yenye sauti pana na nzito pale katikati, nyumba yote ingejaa moshi.

Na hapa ndipo sayansi ya hambaka inarudi. Koili mbili zinasikiza uzi mahali pawili kwa wakati mmoja. Zile sauti ndogo za juu kabisa, zenye mawimbi mafupi, zinafika koili moja zikipanda na nyingine zikishuka, zinafutana. Waya ukiwa mwingi zaidi, kilele cha sauti kinashuka tena. Unapata sauti nene, tamu, ya mviringo. Kwa noti moja inayovutwa, safi. Kwa noti kumi na mbili kwa sekunde mbili juu kabisa ya shingo, ndiyo huo mdomo uliojaa chakula.

Kuna mahali hizi dunia mbili zilikutana. Septemba 1974 kulikuwa na tamasha la siku tatu Kinshasa, Zaire 74, kabla ya pigano la Ali na Foreman. B.B. King alipiga pale, na Franco na TPOK Jazz pia, jukwaa lile lile. Filamu ya Soul Power ya 2008 ina picha zake. B.B. King anapiga noti, ananyamaza, anafanya uso ule wake. Wakongo wao gitaa haziachi pengo, moja ikishuka nyingine inapanda. Sisemi nani alishinda. Nasema hiyo ni kazi mbili tofauti, na mtu akikuuzia kifaa cha kazi moja akikuambia ndicho bora kwa zote, muulize anapiga nini.

Turudi Machakos. Kaunti hii ina benga yake. Kilimambogo, ule mlima Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, ndio uliompa Kakai Kilonzo jina la bendi, Les Kilimambogo Brothers. Aliimba kwa Kikamba, halafu akaimba kwa Kiswahili na nchi nzima ikamfuata, na aliondoka mapema, 1987. Benga ya Ukambani ina haraka yake, gitaa inajibu mwimbaji kama mtu anayekatiza mazungumzo. Na ilikuwa muziki wa sahani ndogo, zile za mizunguko 45, uimbaji upande mmoja na ukigeuza ngoma inachemka bila maneno. Hiyo sahani ilichezwa kwa redio ndogo na spika ya baa. Spika ya namna hiyo haitoi besi ya maana, sauti ya juu ndiyo inapenya kelele za watu. Gitaa kali ndiyo iliyofika kwa msikilizaji.

Bendi yetu ya Jumamosi ni ya watu wa viwandani, wengi wanatoka shifti wakiwa na nyuzi za nguo bado kwa nywele. Tangu sheria ya EPZ ya 1990, na hasa tangu AGOA ya 2000, huku kunashonwa nguo nyingi zinazoenda Marekani. Kwa hivyo sisi tunawashonea jinzi, halafu jioni tunaingia mtandaoni watuambie gitaa yetu ilie vipi. Hiyo ya pili naona tunaweza kuacha.

Basi nachagua nini. Naweka P-90, pikapu ya koili moja ambayo Gibson waliitoa 1946, lakini zile zinazotengenezwa kwa kipimo cha hambaka ili ziingie kwa tundu lililopo bila kukata mbao. Si jambo geni: ES-330 ya 1959, ambayo ni wazi kabisa ndani, ilikuwa na P-90, na pia Epiphone Casino. P-90 ina nyama kidogo kuliko koili moja za Fender, lakini makali yake yanabaki. Nanunua jozi ambayo moja imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku imegeuzwa, kwa hivyo swichi ikikaa katikati zote mbili zinafanya kazi kama hambaka na ile G inanyamaza. Nikitaka daraja peke yake nitangurumiwa. Nimekubali. Wimbo ukiwa kwa G hata hautasikika, mzee anasema.

Kama hutaki mngurumo hata kidogo, tafuta hambaka yenye waya mchache, mita isome kilo-omu 7 au chini kidogo, si zile za 14 za kupigia roki nzito. Na uliza kama imechovywa kwa nta. Pikapu isiyo na nta kwenye gitaa wazi itapiga ukelele haraka. Ukiigonga kwa kucha unaisikia kwa spika.

Ila kabla utoe hata shilingi, shusha pikapu uliyo nayo kwa bisibisi, milimita moja moja, upande wa nyuzi nene kwanza. Ni bure, na nusu ya watu walionitumia ujumbe wataishia hapo. Halafu angalia waya wa ardhi. Mngurumo ukikufa ukigusa nyuzi, waya wa ardhi unafanya kazi. Ukizidi ukigusa, kuna lehemu imeachia mahali.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu semi-holo si gitaa ya kufungua nyuma. Haina mlango. Nobu, swichi na jeki zote zinatokea na kurudi kupitia shimo la f. Kabla uvue nobu yoyote, funga uzi imara kwa shingo yake, halafu uisukume ndani. Uzi unabaki nje kama kamba ya ndoo kisimani. Ukimaliza kulehemu vitu vipya juu ya meza, unafunga kila kimoja kwa uzi wake na kukivuta kirudi kwa tundu lake. Lehemu kila kitu nje, usijaribu kuingiza chuma cha moto kwa shimo la f. Piga picha ya mpangilio wa waya kabla ya kukata hata mmoja. Pima pia nafasi kati ya skrubu ya uzi wa kwanza na wa sita, karibu milimita 50 kwa shingo na 52 kwa daraja. Na kabla ya kuvuta kila kitu ndani, chomeka kebo na ugonge kila pikapu kwa bisibisi, usikie kama inaongea.

Nilimuuliza fundi wa hapa Athi River anayezungusha mota zilizoungua kama anaweza kunizungushia pikapu ya zamani iliyokufa. Akashika koili, akaiangalia kwa mwanga. Waya wa pikapu nyingi ni milimita 0.063. Akasema mikono anayo, mashine ya kuhesabu mizunguko anayo, waya mwembamba hivyo ndio hana. Tumekubaliana nikiupata nimpelekee. Akifaulu nitawaonyesha, na itakuwa pikapu ya kwanza ninayoijua iliyozungushwa Mavoko.

Wakati huo naomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna picha ya bendi ya zamani, ya harusi, ya baa, ya kanisa, yoyote ile ambayo gitaa inaonekana vizuri, ipige simu na unitumie. Sahani za wakati ule ziliandika mtunzi na bendi, gitaa haikuandikwa. Nataka kuona pikapu zilikuwa ngapi, na swichi iliangalia upande gani.